Spika bandani: ng'ombe anasikiliza wimbo, au anasikiliza kitu kingine?

Mkamuaji (mleta mada)

Wakuu, salaam. Mimi ni wale wa kusoma kimyakimya na kupita, ila leo acha nami nishushe uzi. Ni mrefu, mwenye haraka aweke kituo hapa arudi jioni.

Kila baada ya miezi michache hoja hii inaibuka tena: weka muziki laini bandani, ng'ombe ataongeza maziwa, kuku ataongeza mayai, nguruwe wataacha kung'atana mikia. Anayeileta huwa na video moja ya ng'ombe waliomzunguka mtu anayepuliza tarumbeta. Ng'ombe ni mdadisi, hata ukifungua mwavuli malishoni watakuja kukuzunguka. Hiyo video tuiweke pembeni.

Nimekamua miaka kumi na moja. Nimefunga spika, nikaing'oa, nikaifunga tena. Msimamo wangu nauweka mapema tusije tukazungushana: spika inaweza kusaidia, lakini ng'ombe hana wimbo anaoupenda. Kinachomsaidia ni vitu vingine vinavyokuja pamoja na ile sauti, na vingi kati ya hivyo unavipata hata umeme ukikatika.

Tuanze na utafiti ambao kila mtu anautaja. Mwaka 2001 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, Adrian North na Liam MacKenzie, waliwapigia muziki ng'ombe wa Friesian wapatao 1,000, saa 12 kwa siku, kwa wiki tisa. Kuna vipindi vya nyimbo za polepole, mapigo chini ya 100 kwa dakika. Kuna vipindi vya nyimbo za kasi, mapigo zaidi ya 120. Kuna vipindi vya kimya. Zile za polepole zilienda na ongezeko la lita 0.73 kwa ng'ombe mmoja kwa siku, yaani kama asilimia 3. Za kasi hazikuongeza kitu. Ndiyo hiyo habari nzima. Anayekuambia maziwa yatapanda maradufu anauza spika.

Sasa linganisha na hii. Mwaka 2009 Catherine Bertenshaw na Peter Rowlinson wa Chuo Kikuu cha Newcastle waliwahoji wafugaji 516 wa Uingereza. Kwenye mashamba ambayo kila ng'ombe anaitwa kwa jina lake, maziwa yalikuwa juu kwa lita 258 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 305 za msimu wa kukamuliwa, unakaribia lita 0.85 kwa siku. Jina limeipiga bao spika, na jina halina betri. Bila shaka jina peke yake haliingizi maziwa kwenye kiwele. Anayempa ng'ombe jina ndiye yule anayejua huyu anaogopa mlango wa kushoto na yule hapendi kuguswa chuchu ya nyuma kwanza.

Kwa nini woga unagusa maziwa? Hapa ndipo wengi wanaruka. Maziwa mengi, kama asilimia 80, hayako chini kwenye tanki la kiwele yakisubiri kutoka. Yako juu, ndani ya vifuko vidogo sana. Ukimsafisha chuchu, ubongo unamwaga homoni iitwayo oksitosini kwenye damu, inafika kiweleni, visuli vinavyozunguka vile vifuko vinabana, na maziwa yanashuka. Inachukua dakika moja hadi mbili, na homoni yenyewe haikai kwenye damu zaidi ya dakika chache. Akishtuka katikati ya hapo, adrenalini, homoni ya mshtuko, inaingia na kufunga njia. Ndipo tunasema ng'ombe anabana maziwa. Habani kwa ukorofi, mwili wake umeshajiandaa kukimbia.

Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1941 huko Marekani na Ely na Petersen, kwa njia ya ajabu kidogo: walimweka paka mgongoni kwa ng'ombe, halafu wakawa wanapasua mifuko ya karatasi kila baada ya sekunde 10 kwa dakika mbili. Maziwa yakagoma. Baadaye paka aliondolewa kwenye jaribio, ikaonekana mifuko peke yake inatosha. Namwonea huruma yule paka mpaka leo.

Kwa hiyo swali langu kwenu si "muziki gani". Ni nani kwenye banda lako anapasua mifuko?

Karibuni.

---

Bwana Mashaka

Mleta mada umejitahidi, nimesoma mpaka mwisho. Lakini mimi hata hiyo asilimia 3 siinunui. Mfugaji akifunga spika, siku hiyohiyo anafagia banda, anafika mapema, anawaangalia ng'ombe wake kwa macho mapya aone kama "inafanya kazi". Wiki ya pili amerudi kwenye uzembe wake na spika ina vumbi. Nani alipandisha maziwa hapo, spika au ufagio?

Na kuzoea je? Mbwa wa vituo vya kuhifadhia wanyama kule Uskoti walipigiwa muziki wa kiasili wa Ulaya, wakatulia vizuri, na ndani ya siku chache wakawa hawana habari nao. Ikabidi watafiti wabadilishe aina za muziki, na mwaka 2017 wakatoa matokeo kwamba rege na roki laini ndizo zilizofanya vizuri kidogo. Sasa tuajiri DJ wa banda?

---

Mkamuaji (mleta mada)

Mkuu Mashaka, hilo la ufagio umenigonga, nitalirudia kwa sababu limenikuta mwenyewe. Kuhusu DJ, nafasi ipo ila mshahara ni samadi.

---

Fundi Spika

Mimi sifugi, natengeneza vyombo vya sauti, nimeitwa humu na shemeji yangu anayefuga. Naomba niweke jambo moja ambalo wafugaji mnalisahau: hamsikii wanachosikia wao.

Sikio la binadamu linaanzia takribani hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hadi kilohezi 20, na kwa umri wangu toa kadhaa hapo juu. Ng'ombe aliyepimwa na wataalamu wa usikivu anafika kilohezi 35, na pale anaposikia vizuri kuliko kote ni kwenye kilohezi 8. Nguruwe anapita kilohezi 40. Mbuzi anafika kama 37. Kuku ni kinyume kabisa: juu anaishia kama kilohezi 7, lakini chini anashuka hadi hezi 9, besi ambayo wewe huisikii, unaihisi kifuani tu.

Maana yake ni nini? Spika ya bei nafuu inayokwaruza juu, ile "tss tss" ambayo wewe unaiona ni kasoro ndogo, kwa ng'ombe iko karibu na pale ambapo sikio lake ni kali kuliko kote. Kuna mfugaji mmoja aliniita nimwekee muziki kwa sababu ng'ombe walikuwa wanagoma kuingia kizimba cha tatu. Nikakaa pale dakika ishirini bila kuwasha kitu. Kulikuwa na vali ya hewa inavuja, inapiga mluzi mwembamba. Mimi nilikuwa nausikia kwa shida, ilibidi nisogeze sikio kama kiganja kimoja kutoka kwenye bomba. Tukabadilisha mpira wa vali. Ng'ombe wakaingia. Spika yangu nikarudi nayo kwenye begi, nikalipwa nauli.

Halafu desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, si kama kilo. Ukiongeza 10, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi. Kwa hiyo mtu anayesema "nimeongeza kidogo tu" ajue anacheza na nini. Kama unalazimika kupaza sauti ili uongee na mwenzako bandani, punguza.

La mwisho nitoke. Mwaka 2009 Charles Snowdon, mwanasaikolojia, na David Teie, mwanamuziki wa selo, walijaribu kwa kima wadogo waitwao tamarini. Muziki wa binadamu haukuwagusa sana. Teie akatunga vipande vinavyofuata milio ya tamarini wenyewe, ya hofu na ya utulivu, hapo ndipo wakabadilika. Mnyama ana sauti zake zenye maana. Nyimbo zetu kwake ni mvua juu ya bati.

---

Mama Vifaranga

Mvua juu ya bati! Kaka Fundi, ungekuja kwangu mwaka ule ningekushukuru.

Nina kuku wa mayai. Kijana wangu alinunua sabufa kwa nia njema kabisa, akaifunga kwenye kona ya banda, akaiwasha saa moja jioni kuku wameshaanza kupanda kwenye vichanja. Nilikuwa jikoni. Nikasikia besi moja "dum", halafu kelele ya mabawa kama gunia la magazeti limemwagwa. Nilipofika, kuku wote walikuwa kona ya mbali, wamepandana, tabaka juu ya tabaka. Tuliwatoa mmojammoja kwa mikono, wa juu wazima, wa katikati wanahema midomo wazi, wa chini wamekwisha. Wale wa chini walikuwa bado wana joto. Kijana alilia, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Sabufa ile siilaumu. Ilikuwa ni sauti ngeni, ya ghafla, gizani. Vyote vitatu kwa pamoja.

Kundi lililofuata nilifanya tofauti. Redio ndogo, ya mazungumzo na nyimbo, sauti ya chini, tangu vifaranga siku ya kwanza wakiwa kwenye joto. Inalia mchana, usiku inazimwa. Wamekua nayo. Sasa hivi fundi akigonga bati juu ya paa wanainua shingo tu na kurudi kuparua maranda. Mayai hayajaongezeka hata moja ambalo naweza kusema ni la redio, niseme ukweli. Ila ule mtindo wa kuruka na kurundikana umepungua sana, na kuku asiyerundikana ni kuku aliye hai.

---

Daktari wa Zizi

Mama Vifaranga, pole sana, na hongera kwa kulisema hadharani. Wengi wanaficha.

Ulichokiona kina msingi. Mwaka 2005 watafiti wa Uhispania waliwaweka kuku wa mayai kwenye kelele za desibeli 90, ule uwiano wa chembe nyeupe za damu tunaoutumia kupima msongo kwa ndege ukapanda. Kinachowashangaza watu ni upande wa muziki: kuku waliopigiwa muziki wa kiasili wa Ulaya walikaa muda mrefu zaidi kwenye kipimo cha kuzubaa. Kipimo hicho ni rahisi, unamlaza kuku chali, unamshika sekunde chache, unamwachia, unahesabu atachukua muda gani kuinuka. Anayekawia ndiye mwenye woga zaidi. Yaani muziki uliosifiwa kuwa wa kutuliza uliwaacha na woga zaidi. Wale walikuwa wamewashiwa kwa siku tatu tu. Wako wamekua na redio yao. Si hali moja.

Naomba pia niwatahadharishe na neno "kortisoli", homoni ya msongo, maana naona linakuja. Watu wanapima kortisoli kwenye damu, ikishuka wanashangilia muziki. Kwanza, kumchoma sindano mnyama kunaipandisha. Ndiyo maana siku hizi tunapenda kuipima kwenye mate, maziwa, nywele au kinyesi. Pili, kortisoli inapanda hata mnyama akifurahi: akicheza, akipandana, akikimbilia chakula. Inakuambia mwili umeamka, haikuambii umeamkia nini.

Mfugaji ana vipimo vyake vya bure. Hesabu wangapi wananya wakiwa kwenye mstari wa kukamuliwa, ng'ombe mwenye hofu hulegeza tumbo. Hesabu wangapi wanarusha mateke. Tembea taratibu kumwelekea ng'ombe malishoni uone unafika hatua ngapi kabla hajaondoka. Angalia masikio, yaliyolegea kuelekea nyuma au kuning'inia ni ya mnyama aliyetulia, yanayozunguka kama antena yanatafuta hatari. Kwenye machinjio Temple Grandin, mtaalamu wa Marekani wa tabia za mifugo, aliweka kipimo ambacho hata mtoto anaweza kukitumia: hesabu wangapi wanalia wakishikwa. Wakizidi 3 kwa kila ng'ombe 100, kuna kitu kibovu kwenye njia au kwa watu.

Jaza daftari kwa wiki mbili bila spika. Ndipo ufunge.

---

Mzee wa Nguruwe

Sisi wa nguruwe tumesahaulika kwenye uzi. Acha niseme.

Banda la nguruwe saa ya chakula linapita desibeli 100 bila msaada wa mtu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 inataka kelele za mfululizo za desibeli 85 ziepukwe mahali nguruwe wanapoishi, pamoja na kelele za ghafla. Sasa wewe unawasha wimbo juu ya nguruwe mia wenye njaa? Unamwaga maji baharini. Kilichotuliza banda langu ni kuwalisha wote kwa wakati mmoja. Nilikuwa naanza upande wa kulia naishia kushoto, na wa kushoto walikuwa wanapiga yowe robo saa nzima wakiona wenzao wanakula. Nikaweka watu wawili, tunaanza kati tunaelekea pande zote. Yowe limebaki la dakika chache.

Lakini kuna utafiti wa Uholanzi naupenda, wa mwaka 2008. Watoto wa nguruwe wakiwa bado wananyonya walikuwa wanapigiwa muziki, halafu wanafunguliwa kwenda uwanja wa kuchezea. Muziki, mchezo. Muziki, mchezo. Walipoachishwa kunyonya, ule wakati mbaya kuliko yote kwa nguruwe mdogo, wametolewa kwa mama, wamechanganywa na wageni, wakapigiwa muziki uleule. Wakacheza, na majeraha ya kupigana yakapungua. Hapo muziki ulikuwa ahadi. Ungewapigia watoto ambao hawajawahi kuhusisha sauti ile na kitu kizuri, sidhani wangejali.

Kwa hiyo ndugu zangu, kama mnataka kuwapigia kitu, amueni kwanza kinawaambia nini.

---

Bwana Mashaka

Mzee wangu, hapo nimekuelewa na nimenyoosha mikono nusu. Nusu nyingine naishikilia.

Mleta mada, ulisema la ufagio limekukuta. Tema.

---

Mkamuaji (mleta mada)

Haya.

Mara ya kwanza kufunga spika, wiki ya kwanza niliona maziwa yamepanda, nikatangazia kila aliyekuwa na masikio. Wiki ya tatu yakarudi palepale. Nikasema labda wamechoka na nyimbo, nikabadilisha. Wapi.

Mwaka juzi nikaamua kufanya kama daktari alivyosema hapo juu, ingawa sikuwa nimesikia kwake. Ng'ombe kumi na wanne. Wiki moja spika inawaka, wiki moja imezimwa, nikaendelea hivyo kwa miezi mitatu. Chakula kilekile, saa ileile, daftari limetundikwa kwa kamba mlangoni. Mwisho nikakaa na kikokotoo. Tofauti kati ya wiki zenye muziki na zisizo na muziki ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya kawaida kati ya Jumatatu na Jumanne. Yaani haikuwepo.

Lakini daftari lilionyesha kitu kingine ambacho sikukitafuta. Kulikuwa na safu ya mateke na safu ya kinyesi, na kulikuwa na safu ya "nani kakamua". Siku za mkamuaji mmoja mateke yalikuwa mengi, muziki uwepo usiwepo. Nikaenda kumwangalia bila kumwambia. Kijana mzuri, mchapakazi, anawahi. Ila anaongea na ng'ombe kama anaita daladala. "Ingia! Ingia wewe! Sogea!" Na geti, akilifunga, analiachia lijigonge lenyewe, mnyororo unapiga bomba, "kwaa". Kila ng'ombe aliyekuwa ndani anatikisika ngozi ya bega, kama anafukuza nzi. Vikombe vya mashine ya kukamua viko kwenye chuchu wakati huo. Mifuko ya karatasi ile, wakuu. Kila baada ya dakika chache, asubuhi na jioni.

Na kumbe lipo hata kwenye utafiti. Kanada, mwaka 1999, mitamba walisikilizishwa rekodi za watu wanaopiga makelele na rekodi za vyuma vinavyogongana. Vyote viliwapandisha mapigo ya moyo na kuwafanya wahangaike, ila sauti ya mtu anayefoka ilizidi chuma. Na Australia, kundi la Paul Hemsworth lilipima mashamba ya maziwa, likaona kwamba kiasi cha woga wa ng'ombe kwa binadamu kinaeleza kama asilimia 19 ya tofauti ya maziwa kati ya shamba na shamba. Hiyo 19 si kipimo cha aina moja na ile 3, ila inaonyesha pa kuangalia kwanza.

Nilifanya mawili. Nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli, nikauvalisha mnyororo wote kama soksi, na pale geti linapogonga nikafunga kipande cha tairi. Halafu nikazungumza na kijana.

---

Dada Ndoo

Samahani nidakie, maana mimi ndiye kijana wa watu. Nakamua kwa kuajiriwa.

Wenye ng'ombe mnapenda kusema "mkamuaji anafoka". Mnafika saa ngapi bandani? Mimi naanza saa kumi usiku, peke yangu, mikono ina baridi, ng'ombe ishirini na mbili, na gari la maziwa halisubiri. Nafoka kwa sababu nimechelewa tayari kabla sijaanza. Mkitaka ng'ombe atulie, mtulizeni na anayemshika.

Nilianza kuleta redio yangu mwenyewe. Sikuileta kwa ajili ya ng'ombe, niliileta kwa ajili yangu. Usiku ule mtu anaongea kwenye redio unajisikia hauko peke yako. Mikono inashuka kasi. Unajikuta unaimba. Mwenye shamba akasema ng'ombe wanaipenda redio. Nikanyamaza.

---

Daktari wa Zizi

Dada, usinyamaze tena. Hiyo ndiyo njia ambayo tafiti nyingi haziwezi kuitenganisha: spika ikiwashwa, watu wawili wanaisikia, mnyama na mtu, na mtu ndiye mwenye mikono.

Nikuongezee. Mwaka 2020 watafiti wa Vienna, Austria, waliwapapasa mitamba shingoni huku wakiwasemesha taratibu. Nusu ya mara mtu alisema mwenyewe, nusu ya mara ilichezwa rekodi ya sauti. Njia zote mbili waliona raha, walinyoosha shingo, ila waliosemeshwa na mtu mwenyewe walionekana kutulia zaidi baadaye. Kuimba kwako huko usiku kuna thamani kuliko spika ya tajiri wako.

---

Bwana Mashaka

Basi tajiri aongeze mshahara wa mwimbaji. Naunga mkono hoja.

---

Mkamuaji (mleta mada)

Dada Ndoo, umeniumbua na nimekubali. Nilipozungumza na kijana wangu ndilo alilosema, kwa maneno mengine. Nilikuwa nimempa ng'ombe kumi na wanne na nikampangia saa moja na robo. Nikaongeza nusu saa na nikaanza kuja mwenyewe jioni. Mateke kwenye daftari yakaanza kupungua ndani ya mwezi. Spika ilikuwa imezimwa wakati huo wote.

Niliirudisha baadaye kwa sababu yake yeye, aliomba. Na hapa nilete mrejesho wa wiki hii, ndio ulionifanya nifungue uzi.

Tuna mtindo sasa: akifika anawasha spika kwanza, wimbo uleule mmoja wa kuanzia, kisha anamimina pumba kwenye hori, kisha anafungua geti. Miezi minane hivyo. Wimbo ukianza tu, ng'ombe wanasimama malishoni na kuja wenyewe, hatufukuzi mtu. Kuna utafiti wa Kanada wa mwaka 1997 uliofanya kitu kama hicho na mashine ya kukamua ambayo ng'ombe anaingia mwenyewe, muziki ukawa ndio kengele yao. Nilikuwa najisifu kwa hilo.

Jumanne umeme ukakatika na spika haikuwa na chaji. Kijana akamimina pumba, akafungua geti. Hakuja hata mmoja. Walisimama kule, wametugeukia, masikio mbele, kumi na wanne. Tukaita. Nikagonga ndoo, kosa, wakarudi nyuma hatua mbili.

Ikabidi kijana aanze kuuimba ule wimbo. Hajui maneno, anajua "la la la" na ile sehemu ya katikati, na sauti yake wakuu, Mungu anamjua. Alipofika mara ya pili ya "la la la" yule wa mbele, Kipepeo, akaanza kutembea. Wengine wakamfuata. Aliimba mpaka wa mwisho akaingia, na akaendelea kuimba akisafisha chuchu, nadhani alikuwa ameogopa kunyamaza.

Nimenunua betri ya akiba. Kijana anasema haina haja.